Mwizi Aliyetangaza Maji

Kwetu mwanamume hamrithi baba yake, anamrithi mjomba wake. Siku hizi watu wamekwenda shule na madrasa wakafundishwa mafungu mengine ya urithi, lakini kaa na mzee yeyote wa Newala kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, atakwambia mpwa ndiye mtu. Wenzangu walirithi mikorosho. Mmoja niliyesoma naye alirithi nyumba ya bati na shamba la mihogo linaloteremka mpaka bondeni. Mimi mjomba wangu alikuwa mmoja tu, mdogo wake mama, na kazi yake ilikuwa wizi. Sisemi kibaka, wala sisemi mtu aliyeteleza siku moja akaiba kuku. Nasema mwizi wa kazi, tangu alipoanza kuota ndevu mpaka ndevu zenyewe zikaingia mvi, na kazi nyingine sijawahi kumwona akiifanya ikamaliza wiki.

Ninafundisha Masasi, na walimu wenzangu walilijua hilo vizuri. "Mwalimu, urithi wako umetoka au bado uko ndani?" Ndivyo walivyonisalimia Jumatatu asubuhi. Siku nyingine nilicheka nao, siku nyingine nilibamiza mlango wa ofisi mpaka chaki zikaanguka. Nina hasira za karibu, sikatai. Lakini na wewe jaribu kuingia nyumba ya watu uone macho ya mwenyeji yanavyokwenda kwanza kwenye simu iliyowekwa chaji, ndipo yaje kwako na karibu mwalimu, karibu sana.

Mjomba hakuiba usiku. Alinieleza mwenyewe, kwa fahari ya fundi anayeeleza ufundi wake. "Usiku wa wachawi na walevi, mpwangu. Usiku kila ntu kalala na panga chini ya nto. Nchana ndo nyumba zi wazi." Aliongea hivyo hivyo, kwa lafudhi yetu ya uwanda wa juu, hata mbele ya wahuni wa Masasi waliojifanya watoto wa Dar es Salaam. Walimcheka nyuma yake, mbele yake walinyamaza. Alikuwa na vijana wawili wa kubeba, na mtu mmoja wa vipuri vya pikipiki aliyepokea mzigo bila maswali. Yeye mwenyewe hakubeba chochote, hata bisibisi. "Mimi nina ndomo tu," alisema.

Ili uelewe mdomo huo lazima uijue Newala. Mji uko juu, maji yako chini, na bomba hutoa maji siku linayotaka lenyewe. Kila anayejiweza amechimba kisima cha kuvunia mvua uani kwake na kukifunga kufuli, na mara nyingi kufuli la kisima ni kubwa kuliko la mlango. Ikifika katikati ya kiangazi visima vinabaki matope, na hapo mtaa mzima unaishi kwa masikio. Mtu mmoja akipiga kelele popote, "Maji yametoka!", hakuna anayeuliza wewe ni nani. Mama ataacha kunde motoni. Mzee ataondoka kinyozini na shavu moja lina povu. Watu wanakimbia na ndoo na madumu kwa sababu foleni ya bomba haijui cheo, inajua dumu lililotangulia, na katika mbio hizo sijawahi kuona mtu anayerudi kufunga mlango.

Sisi wote tulikua tukiona hivyo na hatukuona kitu. Mjomba aliona milango. Alikuwa anasimama kwenye kona ya mtaa, saa ambayo jua limekaza, anaweka viganja viwili pembeni ya mdomo na kuita mara moja tu, kisha anaondoka taratibu kuelekea upande wasikoelekea watu. Ukiita mara mbili, alisema, wanakutafuta sura. Hadi watu wanafika bombani na kulikuta kavu, wanaanza kutukanana nani kawadanganya, vijana wake walishapita mtaa mzima. Walichukua redio, sola, simu, cherehani, na msimu wa korosho walichukua magunia. Maji hawakugusa. "Maji siibi," mjomba aliniambia siku moja, uso wake umekaza kabisa. "Hiyo dhambi." Nilimuuliza kama kuiba kiu ya watu si dhambi. Aliniangalia kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa wa akili.

Alifanya hivyo Newala, akafanya Kitangari, akafanya Mnyambe, na mahali pamoja hakurudi mpaka watu wasahau. Mtaa wa mama hakuugusa hata mara moja, maana bibi yangu, mama yao, alikuwa anaishi pale na binti yake. Hata mwizi ana kwao.

Kiangazi kimoja akaugusa mtaa wa nyuma. Sijui ni tamaa, sijui ni vijana wake waliomsukuma, yeye mwenyewe kila nilipomuuliza alibadilisha jibu. Alipima kelele zake akaona hazitavuka kufika kwa mama. Zikavuka. Bibi alikuwa uani anachambua mbaazi, akasimama, akachukua ndoo, akatoka. Njia ya bombani inateremka, na miguu ya watu imeilamba mpaka imekuwa mawe matupu. Akaanguka pale, na walio nyuma yake walikuwa wanakimbia. Nyonga ilivunjika. Alipandishwa bajaji kwenda hospitali, na wakati mtaa umeizunguka bajaji hiyo, vijana wa mjomba, ambao hawakujua lolote, waliona nyumba za mtaa wa mama nazo zi wazi wakaendelea na kazi.

Waliingia hata kwa fundi cherehani anayeishi mkabala na mama. Waliondoka na cherehani yake ikiwa na gauni la bibi harusi, bado limeng'atwa na sindano.

Za mwizi arobaini. Mjomba zake zilifika Masasi akiwa anakula chipsi, baada ya kijana wake mmoja kukamatwa na kutapika kila kitu. Askari walimfuata bibi hospitalini kumuuliza kama aliitambua sauti iliyoita maji. "Masikio yangu mazee, baba," aliwajibu. "Sikusikia sauti ya ntu." Wote tulimwamini. Alikuwa mzee kweli. Mjomba alifungwa hata hivyo, kwa maneno ya yule kijana, na bibi alirudi nyumbani akalazwa kitandani, na kusimama hakusimama tena.

Alipotoka jela alikuja kwangu, maana kwa mpwa hakuna hodi. Nilimpa chumba cha uani. Sikuwahi kuishi na mtu asiyetulia kama yule. Kiti hakikumkalisha dakika mbili. Alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, alilala na viatu, aliamka na kujaribu komeo la dirisha kwa ndani, kisha anatoka nje kulijaribu kwa nje. Nami nikaambukizwa. Mtaani kwetu kikipotea hata kijiko, sikulala mpaka nijue kilikokwenda. Nilikuwa natoka darasani kipindi hakijaisha, narudi nyumbani kuangalia kama yupo, nikimkuta yupo nakasirika, na nisipomkuta ndiyo kabisa.

Kila jioni aliniuliza jambo moja juu ya mama yake. "Anakaa mwenyewe sasa?"

"Anageuzwa kitandani," nilimjibu.

Nilitaka limuume. Kesho yake aliuliza tena.

Alitaka kupanda Newala akamwone mama yake, na kupanda hakuweza. Yule fundi cherehani alikuwa amempa mama ujumbe, tena bila kificho, kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari: "Mwambie ndugu yako siku akipanda, petroli ninayo." Mtaa mzima ulikuwa nyuma yake. Kumuumiza mama yako mwenyewe kwa uongo wako, kwetu, huo si wizi tena, ni kitu ambacho hakina jina, na watu wakikosa jina wanatafuta kiberiti. Mama akamwambia mdogo wake avute subira watu wapoe. Mjomba akavuta. Bibi hakumsubiri.

Simu ilikuja asubuhi nikiwa najiandaa kwenda kazini. Mama hakulia. "Mama yetu ameondoka. Tunazika baada ya alasiri. Nlete ndogo wangu."

Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia watamchoma mbele ya jeneza, na huo ndio utakuwa msiba wa pili ndani ya nyumba moja. Akaniambia damu ni nzito kuliko maji. Nikamjibu kwamba aliyewahi kubeba ndoo Newala hawezi kusema hivyo, jibu la kipumbavu kwa mtu aliyefiwa, lakini nimeshasema nina hasira za karibu.

Mama aliningoja nimalize. "Atamwingiza nani kaburini?" aliuliza. "Alizaa ntoto wa kiume mmoja. Nlete."

Mjomba alikuwa amesimama dirishani kwangu, na nilipogeuka alikuwa ameshaelewa. Alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Hakuuliza saa ngapi amekufa wala amekufaje.

"Tunapanda?" akasema.

"Watakuchoma."

"Najua. Tunapanda?"

Tulipanda kwa pikipiki yangu. Alikaa nyuma, na kwa kuwa hakuweza kutulia hata hapo, alinishika mabega, akaniachia, akashika chuma cha nyuma, akanirudia mabegani. Kabla ya kona za kupandia mlima aliniomba nisimame. Akashuka, akazunguka pikipiki, akapanda tena. Mbele kidogo akaniomba tena. Nilidhani anataka kutoroka, na nasema ukweli, nilitamani atoroke. Ningempigia mama nimwambie amenikimbia, ningelia kidogo, maisha yangeendelea.

Hakutoroka. Alisimama kando ya barabara anaangalia chini kule tulikotoka, akasema, "Mpwangu, tukifika pale, wewe usikimbie. Hata ukiona nini. Ntu anayekimbia ndo anayechomwa." Kisha akaniambia kuhusu mwenzake mmoja wa zamani, aliyeshikwa sokoni na watu wenye hasira. Yule mtu alikuwa karibu kusamehewa, alisema, wazee walishaanza kuongea, ila miguu ikamponza. Mjomba alikuwa umbali wa maduka matatu, anakunywa soda, na hakuweza kufanya lolote ila kuimaliza ile soda, kwa sababu kuiacha ingeonekana. Alinisimulia hayo kama mwalimu anavyomwelekeza mwanafunzi mahali pa kusaini. Nikapiga kiki, pikipiki ikawaka.

Uwanja wa mama ulikuwa umejaa. Wanawake walikuwa upande wa jikoni, wanaume kwenye mikeka na mabenchi karibu na njia, na mbele yao alikuwa yule fundi cherehani, mtu mwembamba, msafi, ambaye tangu aibiwe alikuwa anashona kwa cherehani ya kuazima. Nilizima pikipiki. Nilitoa salamu, ikajibiwa na watu wachache waliojisahau. Mjomba aliamkia wakubwa wake, shikamooni wazee, na hakuna aliyesema marahaba. Huko kwetu mtu anaweza kukutukana na kuku wako wote, lakini marahaba atakupa.

"Mwalimu," fundi akasema. "Umetuletea?"

"Nimemleta kwa mama yake."

"Mama yake si ndo huyo aliyemuua?"

Akaenda nyuma ya benchi akarudi na dumu la njano, la lita tano, kama madumu yetu yote ya maji. Harufu ilitufikia kabla yake. Wanaume wawili watatu walisimama. Nilimwona mama mlangoni, mkono mdomoni. Mjomba hakukimbia. Alisimama wima kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa ametulia, na utulivu ule ndio ulionitisha kuliko dumu.

Hapo akatokea mtani.

Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mabibi wa mabibi zetu. Yeye ni mwanamke wa Mnyambe, mzee wa rika la bibi, na kwenye kila shughuli yetu alikuwa anakuja kutuharibia, maana ndiyo kazi ya mtani. Harusini anakaa kwenye kiti cha bwana harusi na kugoma kutoka. Msibani anamwaga majivu, anaficha sufuria, anamtukana marehemu, na mfiwa anatakiwa kucheka hata kama machozi yanamtoka. Anayemkasirikia mtani msibani ndiye anayekuwa hana adabu, na watu watamsema mpaka wajukuu zake. Tangu asubuhi alikuwa amevaa gauni la bibi na kushika fimbo ya bibi, anachechemea kati ya wanawake akilalamika chai haina sukari, kwa sauti ya bibi hasa.

Alikuja mbio na gauni lile la marehemu, akavua kanga kiunoni, akamfunga mjomba shingoni na kumvuta kama mbuzi. Mkono mwingine ulikuwa umejaa majivu ya jikoni, akampaka uso mzima.

"Mwizi wangu!" akapiga kelele. "Nimenkamata mimi! Nani mwingine anantaka? Apange foleni!"

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. Fundi alibaki na dumu lake katikati ya uwanja.

"Mama, toka hapo," alisema. "Hili si jambo la utani."

"Pana maiti ndani, au hapana?"

"Ipo."

"Basi pana utani. Au wewe ndo utaniambia ntani wa watu nikae wapi?" Akamgeukia mjomba, akamvuta kanga. "Haya, wewe. Kazi yako nini?"

Mjomba akamwangalia. Majivu yalikuwa yameingia kwenye kope.

"Sema!"

"Mwizi," akasema.

"Sikusikii. Mimi masikio yangu mazee."

"Mwizi!"

"Unaibaje? Tuonyeshe. Ita maji yako hayo."

Akakataa kwa kichwa. Mtani akampiga na fimbo ya mama yake miguuni, si kwa nguvu, akarudia ita, akarudia ita. Mjomba akaweka viganja vyake pembeni ya mdomo. Nimeshasema kwamba alikuwa na mdomo tu, na mdomo ule siku ile ulimkataa. Kilichotoka kilikuwa kidogo, kimekauka, hata kuku hawakugeuka. Lakini kule jikoni nilimwona mama mmoja, aliyekuwa anachota maji kwa kopo, ameinua shingo.

Watu hawakucheka. Mtani mwenyewe hakucheka. Alimshika mjomba kidevu, na sauti aliyotumia sasa haikuwa ya bibi, ilikuwa yake.

"Nilikuwa nakuja kumwogesha mama yako, unajua? Kila wiki nakuja kumtukana nikimwogesha. Siku moja nikamuuliza, we bibi mzima na akili zako, ulikimbilia nini siku ile? Sauti ya mwanao hukuijua? Akasema niliijua. Akasema, nilijua ni yeye, na nilijua bomba kavu. Nikamwambia, sasa? Akasema, majirani wote walishatoka na ndoo. Ningebaki mimi peke yangu nachambua mbaazi, si wangeuliza huyu kajuaje kama hakuna maji?"

Aliyasema hayo mbele ya mtaa mzima. Ndugu wa damu asingeyasema hata kwa kufungiwa ndani, na mtani asipoyasema amekosea kazi yake.

Mama alikaa chini pale mlangoni, kwenye vumbi, kanga imemwanguka kichwani na hakuiokota. Mimi niliona uchungu, na nyuma ya uchungu nikaona hasira, na hasira yangu ile haikuelekea kwa mjomba, ilielekea kwa bibi. Miaka yote nilimhurumia kama mtu aliyedanganywa. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, methali hiyo naiandika ubaoni kila mwaka, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuijua, akachukua ndoo, akatoka. Nilitaka kwenda ndani nimwamshe nimgombeze.

"Kwa hiyo na yeye alijua," fundi alisema polepole. "Alijua tunaibiwa."

"Alijua," mtani akamjibu. "Utanchoma na yeye? Huyo ndani, amelala. Hakimbii."

Fundi aliangalia mlango. Aliangalia dumu mkononi mwake muda mrefu, kisha akaliweka chini, karibu na mguu wa benchi, kwa uangalifu lisimwagike. Hakusema amesamehe. Hajasema mpaka leo. Alisema tu, "Saa za watu zinakwenda. Toeni jeneza."

Jeneza likatoka. Mtani akalizuia mlangoni kwa mkono, kama ilivyo desturi, akadai jogoo, akaahidiwa, akapisha. Mjomba aliingia chini ya jeneza na majivu yake usoni, kanga ikining'inia shingoni, na wanaume walimwachia nafasi. Hawakumpokea. Walimwachia nafasi, na mimi nilikuwa nyuma yake naangalia visigino vyake, kwa kuwa sikuamini bado kwamba miguu ile haitakimbia. Wanawake walibaki na kilio. Fundi alitembea kando yetu na jembe begani.

Kaburini waliingia watatu. Binamu zangu wawili na mjomba, yeye upande wa kichwa. Shuka ikashikwa juu yao, bibi akashushwa. Sikuona alivyompokea, nilisikia tu akisema "taratibu, taratibu," kwa sauti ya chini, kama anaongea na mtu anayemvusha mahali pabaya. Wakapanga miti, wakaziba kwa majani na udongo mbichi. Shuka ikaondolewa. Binamu wa kwanza akanyoosha mkono, akavutwa juu. Wa pili akanyoosha mkono, akavutwa.

Mjomba alibaki chini. Kaburi lilimfika kifuani. Akanyoosha mkono.

Watu waliozunguka walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa anaangalia kitu kingine. Mmoja alikuwa anakung'uta suruali. Mwingine anamtafuta shehe kwa macho, na shehe alikuwa ameshika msahafu wake, anaangalia upande wa barabara. Fundi alikuwa amesimama ukingoni juu yake hasa, na jembe lake lilikuwa limeshachota udongo. Jioni zote zile za Masasi zilinijia, komeo, viatu, anakaa mwenyewe sasa, na nitasema kilichopita kichwani mwangu, kwa sababu kilipita: kwamba hapa, kwa mara ya kwanza, sihitaji kufanya lolote. Nikae tu kama wenzangu nikung'ute suruali.

Mkono ulikuwa bado juu. Hakuita mtu.

Nikapiga magoti ukingoni nikaushika. Vidole havikufunga, na jasho na udongo viliutelezesha kutoka mkononi mwangu mara moja, mara ya pili. Ikabidi nimkamate kifundoni kwa mikono yangu miwili, kwa nguvu, mpaka nikasikia mifupa.

"Umenshika?" fundi akauliza juu ya kichwa changu.

"Nimemshika."

"Ukinshika usimwachie," akasema, akangoja mpaka nilipomtoa, akaanza kufukia.